Muulize Fundi: Pagale, Kasri na Ndoo Tatu

Mhariri amewauliza wasomaji swali bila kunishirikisha: maisha unayoyatamani yangekuwa jengo, yangekuwa jengo gani? Barua zimejaza mfuko mzima wa saruji. Wengi wamechagua ghorofa la vioo vitupu. Hao nimewaweka pembeni, maana kuweka vioo vitupu kwenye jua la Dar es Salaam ni kununua joto kwanza, kisha kununua kiyoyozi cha kulifukuza. Waliobaki nawajibu kwa utaratibu wa saiti: anayenisumbua zaidi ndiye wa kwanza.

Fundi, maisha yangu bora ni Beit al-Ajaib ya Unguja. Nataka mtu akipita asimame, ashike kiuno, atazame. Nina pagale Goba, nililianza miaka tisa iliyopita. Kuta zimefika kwenye lenta, nguzo zimesimama, na nondo nimeziacha juu zingoje ghorofa. Kwa sasa tunaishi kwenye banda la uani. Mke wangu anasema sina maono. Nimwelewesheje?
Nondo Juu, Goba

Ndugu Nondo Juu, jengo ulilochagua nalipenda kuliko unavyolipenda wewe, ila nahisi umelitazama ukiwa Forodhani tu, mshikaki mkononi. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883 liwe kasri la sherehe na kupokea wageni. Nguzo za chuma, roshani pana pande zote. Ajabu inayonigusa mimi fundi ni upana wa vyumba. Nyumba za mawe za zamani ziliezekwa kwa boriti za mikoko, na boriti moja haivuki zaidi ya hatua chache bila kupinda. Kwa hiyo upana wa chumba uliamuliwa na mti, mwenye nyumba akaambulia urefu. Barghash alileta vyuma, akawa na kumbi ambazo mikoko isingeweza kuzibeba.

Basi fuata habari mpaka mwisho. Mwaka 1896 manowari za Waingereza zilipiga makasri ya ufukweni kwa muda usiofika saa moja. Beit al-Ajaib ikapona, jirani zake wakaangamia. Nyumba ambayo mizinga ilishindwa kuiangusha ilikuja kuangushwa na unyevu na uzee: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ya mbele iliporomoka, tena ikiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafariki. Jengo la kusimamisha wapita njia linadai matunzo ya kila mwaka, wapita njia wawepo wasiwepo. Wewe nondo zako hujazipaka hata uji wa saruji. Miaka tisa! Nikizigusa sasa zitaacha unga mwekundu kiganjani.

Ukitaka kasri linalofanana nawe kwelikweli, panda boti uende Kilwa Kisiwani. Kuna gofu linaitwa Husuni Kubwa, la karne ya 14, linalohusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Vyumba zaidi ya 100, birika la kuogea lenye pembe nane, kilima kinachotazama bahari. Na halikuisha. Yaani lile ndilo pagale lenye heshima kuliko yote pwani hii, likilitangulia lako kwa takriban miaka 700. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta sultani huyohuyo. Katika aliyoyasimulia yamo haya: fukara mmoja alimsimamisha sultani akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa, naye akaenda kubadili, akampa. Ukarimu huo ndio uliompa jina la Abu al-Mawahib, baba wa vipawa.

Kuhusu mkeo: kabla ya kumwelewesha, muulize tena alisema nini hasa. Kelele za banda la bati wakati wa mvua hupotosha maneno.

Mheshimiwa Fundi, mimi jengo langu ni lifti. Nimekaa daraja moja la mshahara miaka sita na nataka kupanda bila jasho.
Mtumishi, Dodoma

Lifti si jengo, kijana wangu. Ni daladala inayokwenda wima, konda hana. Umeme ukikatika utasimama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne pamoja na mtu usiyempenda, mkitazamana viatu. Jifunze ngazi, na ujue jenereta liko wapi.

Fundi, shikamoo. Mimi maisha yangu nayataka yawe Fort Jesus: kuta nene, mlango mmoja, ufunguo ninao mwenyewe. Mawifi zangu wanaingia bila hodi, wanafunua sufuria, wanafungua friji, kisha wanauliza mbona mchuzi mwepesi. Nifanyeje?
Bi Ngome, Mombasa

Marahaba mwanangu, na pole kwa mchuzi.

Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na walijua kujenga, hilo sibishani nalo. Waomani walipoizingira mwaka 1696, kuta zilihimili. Walioshindwa kuhimili ni watu. Mzingiro ulichukua kama miezi 33, na maradhi na njaa vikawamaliza walio ndani, mpaka waliobaki hawakutosha hata kulinda ukuta waliojificha nyuma yake. Baadaye Waingereza wakaigeuza jela. Kwa hiyo fikiria vizuri nani atakuwa amefungiwa siku utakapogeuza huo ufunguo, kwa sababu mawifi watabaki nje, sokoni, wanapiga soga.

Mimi nakushauri nyumba ya mawe ya Lamu. Wazee wale walilijua tatizo lako na walilitatua kwa kuta na viambaza. Mlangoni kuna daka, lina viti vya mawe. Mgeni wa habari za mtaani anaishia hapo, anaheshimiwa, anaondoka hajaona hata mkeka wako. Wa karibu zaidi anafika kiwandani, yaani ua wa ndani. Anayestahili zaidi anakaribishwa msana, ukumbi mrefu unaofuata ua. Ndani ni ndani. Hakuna anayeambiwa toka. Kila mtu nyumba yenyewe inamwambia akae wapi. Na wale waliotaka kuonana bila kupita njiani walijengewa wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili. Wanawake walipita humo kutembeleana na shuka zao wakaziacha msumarini. Huo ndio ufundi: wamejua kufunga na wamejua kuvusha.

Hata mbu walifikiriwa. Kwenye birika la maji ya chooni waliweka samaki wadogo wale viluwiluwi. Ndiyo ndoto yangu ya siku nyingi, kero inayoliwa na kitu kizuri bila mimi kunyanyua mkono.

Sasa kwa kuwa unakaa fleti na huna daka, litengeneze. Weka viti vitatu na meza barazani au karibu kabisa na mlango, chupa ya chai iwe hapohapo, na mahamri yatangulie kufika kabla yao. Sijapata kuona wifi aliyeyaacha mahamri ya moto akaenda kukagua friji. Mmoja akipenya jikoni mpe kitunguu na kisu. Hatarudi mara kwa mara.

Barua ya mwisho imeniletea kazi.

Fundi, mimi ni mke wa Nondo Juu. Barua yake nimeikuta chini ya mfuko wa saruji, nao mfuko umeshaganda ukawa jiwe. Sikusema hana maono. Nilisema hana mbao. Banda linavuja pahala patatu na ndoo zangu ni tatu, masika yakianza ya nne nitaitoa wapi? Jengo langu mimi ni vyumba viwili vilivyoezekwa, nisikie mvua inanyesha nje.
Mama wa Ndoo Tatu, Goba

Shemeji, umenitia aibu, kwa kuwa nimeshamjibu mumeo kurasa nzima za masultani.

Kazi yako ni ya siku tatu, ya nne ya kusafisha. Vyumba viwili vya nyuma vinapauliwa peke yavyo, mteremko mmoja kuelekea uani, bati zikapita chini ya nondo. Nguzo za ghorofa hazikatazi bati. Nondo tutazisugua kutu, tuzipake uji wa saruji, zilingojee ghorofa lake hata miaka mingine tisa. Zenyewe hazili wala hazivuji. Madirishani piga nyavu na mbao kwanza, aluminiamu itakuja na pesa zake. Lipu isikuharakishe.

Mwambie Jumamosi nakuja na kijana wangu na misumari ya bati. Mbao anunue yeye, asiagize kwa simu, aende akazitazame kama zimenyooka. Na ule mfuko ulioganda asiutupe. Utatufaa kukanyagia tukipanda.