Harusi ya Mwaka 2082

Kadi ilikuja kwa simu. Juu ina mungu mwenye kichwa cha tembo, pembeni maua ya rangi ya machungwa, na chini tarehe ya harusi: Falgun 2082. Mke wangu aliisoma, akatafuta miwani, akaisoma upya.

"Baba, huyu bwana harusi ameshazaliwa?"

Ameshazaliwa, tena ana ndevu. Ni mdogo wake Dai, jirani yetu hapa Newburg, Louisville, jimbo la Kentucky, anayeoa binti wa watu waliobaki Damak, mashariki mwa Nepal. Wenzetu hao huhesabu miaka kwa kalenda ya Bikram Sambat, inayotangulia hii yetu kwa miaka 56 na miezi kama minane, kwa hiyo mwezi wao wa Falgun 2082 unaangukia Februari na Machi 2026. Dai anayajua hayo tangu utotoni, ndiyo maana hakuona haja ya kumweleza mtu. Alipoomba ruhusa kazini alinakili tarehe ya kadi kama ilivyo. Kompyuta ikagoma. Msimamizi akamvuta kando, akamuuliza kwa upole kama anaomba likizo au anastaafu.

Tulipokubaliana na mwaka, zikabaki saa. Nepal imeitangulia Greenwich kwa saa tano na dakika 45, na hizo dakika ndizo zinazotuponza. Wakati wa baridi ukipiga simu saa mbili kamili usiku, Damak ni saa moja kasorobo asubuhi. Ukingoja itimu saa tatu, kule ni saa mbili kasorobo. Nchi nzima inaishi kasorobo! Baba wa bibi harusi tumeshamkuta anasali, anakamua maziwa, na mara moja anapiga mswaki, povu likajaa skrini nzima.

Halafu kanisani wakapata habari kwamba nakwenda Nepal. Wakongomani wa Newburg wanaijua Nepal kwa kitu kimoja tu: Everest, mita 8,849. Mzee mmoja aliyewahi kuiona Kilimanjaro kupitia dirisha la basi akajiteua kuwa mtaalamu. Akakaa na kalamu, akagundua kwamba mita 5,895 za mlima huo ukiziongezea nusu yake unaikaribia kabisa Everest. Basi akaagiza kila kinachohitajika Kilimanjaro kiongezwe nusu: soksi, vitunguu saumu, maombi. Binamu yangu wa Buffalo, mji ambao theluji yake haina utani, akatuma koti. Ukilivaa koti hilo, mikono haishuki.

Mazoezi ndiyo yalikosa mahali, kwa sababu Newburg ni tambarare. Nilitaka kumweleza mzee kwamba mtoto wa Bukavu hatishwi na mwinuko. Black Mountain, kilele cha juu kuliko vyote Kentucky, kina mita 1,263. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460. Wavuvi wetu wanatupa nyavu juu kuliko mlima mrefu wa jimbo hili, na hakuna aliyewahi kuwapongeza. Mzee hakutaka kusikia. Nikapanda na kushuka ngazi za ghorofa yetu kila jioni, na koti, mpaka jirani wa chini akaja kuuliza kama tunahama.

Dai alikuja kunywa chai, akaliona koti limekalia kochi peke yake. "Nani anahamia Buffalo?"

Tukamweleza. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Damak, alisema, iko bondeni, wilaya ya Jhapa, na wilaya hiyo ni miongoni mwa sehemu za chini kabisa nchini Nepal. Kuna mpunga, migomba, mbu, na tembo wa porini wanaoingia mashambani. Mwinuko wake haupishani sana na wa Louisville. Tulete kandambili.

"Na milima?" mke wangu akauliza, kama aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Milima iko kwetu," akasema Dai.

Kwao ni Bhutan. Walifukuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wao na wenzao wanaosema Kinepali, zaidi ya laki moja, wakawekwa kwenye kambi kama Beldangi, hapo hapo Damak. Bhutan haijakubali warudi. Watalii inawapokea, na kwa mtu kama Dai ada ni dola 100 kwa kila usiku. "Yaani kijijini kwetu nilipie kitanda," Dai akasema, "halafu nilipie na usiku wenyewe."

Kambini Beldangi Dai alikaa miaka mingi bila visa. Sasa ana pasipoti ya Marekani, atalipa dola 50 uwanjani Kathmandu, apewe siku 30 na jina la mtalii. Mimi nina hati ya kusafiria ya mkimbizi, na wenye hati hiyo hawapewi visa uwanjani. Lazima niiombe mapema ubalozini, nieleze shughuli yangu. Nimeandika: harusi. Kadi nimeambatisha, na mwaka nimeutafsiri.

Kilichobaki ni kiti. Kutoka Kathmandu kwenda Bhadrapur, huko huko Jhapa, ndege ndogo inaelekea mashariki, na siku isiyo na mawingu Everest huonekana upande wa kushoto. Mzee wa kanisani anadai picha. Mama yake Dai, anayekuja kutoka Columbus, ameshaomba dirisha, na mama haombwi apishe. Mke wangu ameamua: kwenda akae mama, kurudi nikae mimi. Ila nikumbuke kwamba wakati wa kurudi milima inahamia kulia.