Nani Atawazalisha? Barua ya Wazi kwa Sheikh Hibatullah Akhundzada

Kwa Mheshimiwa Sheikh Hibatullah Akhundzada,
Kiongozi Mkuu wa Taliban, Kandahar, Afghanistan.



Sheikh mtukufu, awali ya yote nakuomba radhi kwa kukuandikia bila idhini yako, mimi mwanamke usiyenijua, wa Tanga, pwani ya Tanzania. Sikuja kukusomesha dini. Wewe umekaa na vitabu vya fikihi umri wako wote. Mimi nilisomea chuoni kwa bibi yangu, juu ya mkeka. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kukukamata, nami si hakimu, hilo naliacha. Nilikuwa mkunga kwa miaka 31, na kwa haki ya kazi hiyo tu nathubutu kubisha hodi mlangoni kwako.

Kwa hisani yako, nikueleze habari za binti wa Kabul. Simtaji jina kwa sababu wa mfano wake ni wengi mno. Utawala wako uliporejea, Agosti 2021, alikuwa darasa la mwisho la sekondari. Tarehe 23 Machi 2022 mdogo wake alivaa sare, akaenda shule ya sekondari iliyotangazwa kufunguliwa tena kwa wasichana, na saa chache baadaye akarudishwa nyumbani. Oktoba mwaka huo binti akafanya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Desemba 20, vyuo vikuu vikafungiwa wanawake. Akatafuta mlango uliobaki, taasisi za uuguzi na ukunga, akavaa alivyoagizwa. Desemba 2024 mlango huo nao ukafungwa. Binti huyu, Sheikh, hakukaidi hata mara moja. Kila amri aliitii, na kila alipotii ikafuata nyingine.

Sasa niruhusu, kwa stara, niseme la chumba cha kuzalia. Mama anayemwagika damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Mkono uliofunzwa hukanda kizazi kikaze, huchoma sindano, hukagua kama kondo la nyuma limetoka lote. Mkono usiofunzwa hushika kanga iliyolowa, basi. Nimewahi kufika nikachelewa, nikakuta jamaa wanasoma Yasin. Dua ni haki ya kila mja, lakini mama yule alihitaji pia mtu anayejua.

Nchi yako inalijua hili kuliko yangu. Mwaka 2002 ilikadiriwa kuwa walikufa akina mama 1,600 kwa kila vizazi hai 100,000. Kufikia 2020 makadirio yalikuwa karibu 620. Bado ni wengi mno, ila walipungua, na sababu moja kubwa ni kwamba wasichana walifunzwa ukunga wakarudi kuhudumia vijiji vyao.

Najua waume wengi huko hawaridhii wake zao waguswe na daktari mwanamume. Siwalaumu. Hata Tanga waliniita mimi kwa sababu hiyo hiyo, na niliingia. Basi wakunga wa leo wakizeeka, nani ataingia kwa wake zao? Mwanamume hatakiwi, na mwanamke amekatazwa kujifunza. Nimeligeuza swali hili usiku kucha sikuliona jibu.

Sheria yenu ya Agosti 2024 imeihesabu sauti ya mwanamke kuwa aura, yaani jambo la kusitiriwa. Nakuomba ujue kwamba mkunga huzalisha kwa sauti kama anavyozalisha kwa mikono: mama, pumua, mama, usisukume bado. Roho nyingi nilizozipokea zilitangulia kusikia sauti yangu.

Wala siombi jambo geni katika Uislamu. Amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ilikuwa kusoma. Masahaba wakubwa walikwenda kumuuliza mambo ya dini Bibi Aisha, mke wa Mtume, radhi za Allah ziwe juu yake. Herat, katika nchi yako mwenyewe, malkia Goharshad alijenga msikiti na madrasa katika karne ya 15. Imamu Mkuu wa Al-Azhar amesema kuwafungia wanawake vyuo kunapingana na sharia. Hata Abbas Stanikzai, Januari 2025, akiwa naibu waziri wako wa mambo ya nje, alisimama hadharani akasema hakuna udhuru wa kuwanyima elimu.

Nakiri kwamba ninatamani shule zote, za wasichana wote. Zaidi ya milioni moja wamezuiwa sekondari, na hakuna nchi nyingine duniani inayofanya hivyo. Lakini ukiwa tayari kunipa moja tu leo, nipe madarasa ya ukunga na uuguzi, kwa kuwa uchungu wa uzazi hausubiri fatwa.

Kalamu iko mkononi mwako, Sheikh. Nakusihi, kwa haki ya mama aliyekuzaa na ya mwanamke aliyekupokea ulipozaliwa, saini madarasa hayo yafunguliwe.

Wabillahi tawfiq.
Dada yako katika Uislamu,
mkunga mstaafu, Tanga.