Jinsi ya Kumaliza Kozi Uliyoikuta Mtandaoni Saa Saba Usiku

Kwanza, usijiunge. Ondoa kidole kwenye kitufe. Ni saa saba usiku, bando la usiku limebakiza saa chache, kozi ni ya bure, na picha ya yule mwanafunzi anayeichekea kompyuta imekuaminisha kwamba baada ya wiki nane utakuwa mtaalamu wa takwimu. Zima simu ulale. Kesho saa nne asubuhi, bosi akiwa amekununia na ujumbe wa ada ya shule umeshaingia, jiulize tena kama unaitaka. Ukiitaka saa nne asubuhi, basi ni yako.

Ukali huu una hesabu nyuma yake. Mwaka 2019, Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa kozi za vyuo vikuu vya MIT na Harvard zilizotolewa kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, kuanzia 2012 hadi 2018. Zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuwahi kuingia ndani ya kozi hata mara moja. Katika mwaka wa masomo wa 2017–18, waliomaliza walikuwa kama watatu katika kila mia. Tena wengi wa wanafunzi hao walitoka nchi tajiri, ambako umeme haukatiki mwalimu akiwa katikati ya sentensi.

Nazipenda kozi hizi, ndiyo maana nakaripia. Tangu MIT ilipotangaza mwaka 2001 kwamba itaweka masomo yake mtandaoni bure, kijana wa Namtumbo mwenye simu na mtandao anaweza kusikiliza mhadhara uleule anaousikiliza mwenzake wa Massachusetts, bila viza wala nauli. Mwaka 2011, Sebastian Thrun na Peter Norvig wa Stanford walipofungua somo lao la akili bandia kwa yeyote duniani, walijiandikisha watu wapatao 160,000, na zaidi ya 20,000 walifika mwisho. Mlango huo uko wazi hadi leo. Inaniuma kuona watu wetu wanasimama kizingitini, wanapiga picha, wanaondoka.

Haya, umeamka na bado unaitaka. Fungua akaunti yako uhesabu kozi zilizomo. Python, upigaji picha, Kihispania, ufugaji wa kuku wa mayai, uongozi, na ile ya afya ya akili uliyoianza Ramadhani iliyopita. Bakiza moja, nyingine zote zifute leo. Hutazihitaji mwezi huu, na kila unapoziona zinakusuta.

Kisha weka rehani. Katika uchambuzi uleule wa edX, waliokuwa wamelipia cheti walimaliza kwa kiwango kinachokaribia nusu yao. Ni kweli kwamba anayelipa mara nyingi alikuwa ameshadhamiria kabla ya kulipa, lakini fedha iliyotoka mfukoni nayo ina sauti yake. Kama kozi ni ya bure, chukua kiasi ambacho ukikipoteza utakosa usingizi, umkabidhi shangazi yako. Mwambie: nirudishie nitakapokuonyesha mazoezi yote yamefanywa, na nisipokuonyesha kufikia tarehe fulani, ni zako. Usimpe mama, atakuhurumia. Usimpe rafiki, mtazila pamoja. Shangazi ndiye hasa.

Sasa fungua kozi, na uanze na mtihani wa mwisho. Nenda moja kwa moja kwenye maswali, uyajaribu bila kusoma chochote. Utafeli vibaya, na hilo ndilo linalotakiwa. Ukishajua usichokijua, kila video utakayoifungua utaifungua ukitafuta kitu. Anayeanza na video ya kwanza, ile ya karibuni sana na mimi ni profesa fulani, huwa ameshasinzia kabla ya kufikia neno la kwanza la maana.

Hapa kwenye video ndipo wengi wanapozama, kwa hiyo tukae kidogo. Kuangalia video kunampa mtu raha ya kuelewa. Mwalimu anaeleza vizuri, michoro inapendeza, wewe unatikisa kichwa, na saa moja baadaye ukiulizwa na jirani umejifunza nini, unasema, "Ilikuwa nzuri sana." Mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington cha St. Louis waliwapa wanafunzi maandiko mafupi ya kujifunza. Kundi moja liliyasoma tena na tena. Jingine liliyasoma kwa kipindi kimoja tu, kisha likawekewa karatasi tupu mara tatu, liandike kila linachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka walibaki na asilimia 61 ya maudhui, na waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40.

Kwa hiyo tumia daftari la mistari na kalamu. Angalia video mpaka wazo moja likamilike, kisha isimamishe, ifunike simu kifudifudi, na uandike ulichobaki nacho kwa Kiswahili unachozungumza nyumbani. Andika kana kwamba unamweleza mdogo wako aliyekataa kushawishika. Penye pengo, chora mraba mtupu. Ukiirudia video, irudie kwa ajili ya miraba tu. Video ya dakika kumi itakuchukua dakika arobaini, na utachukia. Endelea. Wale wanaojisifu kwamba huangalia mihadhara kwa kasi mara mbili waulize swali moja tu la wiki iliyopita, uone macho yao yanavyokimbilia dari.

Kuhusu bando, acha ukarimu. Jukwaa likikuletea picha ya ubora wa juu, punguza mpaka 240. Ubao unasomeka, na makunyanzi ya profesa hayamo kwenye mtihani. Kozi nyingi zina maandishi ya mhadhara mzima chini ya video. Yapakue, kwa sababu kurasa ishirini za maandishi ni nyepesi kuliko dakika moja ya picha. Penye Wi-Fi ya uhakika, kazini au chuoni, pakua masomo ya wiki nzima kwenye programu ya simu, ukasomee nyumbani bila mtandao. Kama unasimamia maktaba, shule au kituo cha vijana, tafuta Kolibri. Ni programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na intaneti: unaiweka kwenye kompyuta moja pamoja na maelfu ya masomo, na simu au vishikwambi vilivyo chumbani vinayapata kutoka kwenye kompyuta hiyo. Khan Academy nayo ina masomo ya Kiswahili, hisabati hasa.

Jambo kubwa kuliko yote nililiacha hadi hapa makusudi. Usisome peke yako.

Tanzania tuna darasa la mtandaoni linalofanya kazi kikamilifu, halina hata mtaalamu mmoja wa elimu, nalo ni kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Litazame vizuri. Lina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Lina tarehe ya mwisho isiyosogezwa, maana ukumbi umeshalipiwa. Lina kikao cha Jumapili saa kumi jioni, cha ana kwa ana, chenye soda. Zaidi ya yote, lina orodha. Orodha inabandikwa kila jioni: jina, ahadi, alichotoa, na alama ya kijani ya vema kwa aliyekamilisha. Hakuna anayetukanwa. Orodha inabandikwa tu, na mtu mzima mwenye madaraka yake anatuma muamala saa sita usiku kwa sababu jina lake limebaki bila vema. Watu wale wale wanaoshindwa kumaliza kozi ya wiki sita wanakusanya mamilioni kwa miezi mitatu bila mwajiri wala polisi.

Basi fanya kama kamati. Tafuta watu wanne au watano wanaotaka kozi hiyohiyo, mteue mwenyekiti mwenye mdomo, mpange siku ya kukutana. Kila mmoja aahidi hadharani atamaliza somo gani kwa tarehe gani, na katibu abandike orodha kila jioni. Atakayeandika "niko nyuma kidogo ila nitakaza" aulizwe palepale: somo la ngapi, na lini? Kikaoni msiangalie video pamoja. Kila mtu afundishe kipande chake huku wengine wakimbana kwa maswali. Mtakuta nusu ya mliyodhani mnayajua hayasimami mbele ya mtu anayeuliza "kwa nini?"

Waanzilishi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, walilifahamu hili. Mwanafunzi alisoma akiwa mbali, kwa vitabu na baadaye kwa kompyuta, lakini chuo kiliweka vituo mikoani ili awe na pahala pa kwenda, wenzake wa kukaa nao, na mkufunzi wa kumtazama usoni. Kusoma kwa mbali kulipangwa pamoja na watu wa karibu. Majukwaa mengi ya leo yaliichukua nusu ya kwanza yakaiacha ya pili.

Sasa roboti wa akili bandia, yule wa kuchati naye. Najua unaye, usijifiche. Ukimpa zoezi akufanyie, atalifanya kwa sekunde tano, naye ndiye atakayekuwa amepata mazoezi. Mgeuzie kibao: mbandikie maandishi ya mhadhara, umwamuru akuulize maswali kumi moja moja, asikupe jibu mpaka ujaribu, na akueleze ulipokosea. Kwa kazi hiyo ni mkufunzi mvumilivu ajabu. Lakini hukosea kwa sauti ileile anayotumia anaposema kweli, kwa hiyo tarakimu, jina au mwaka atakaokupa uuhakiki kwenye kitabu kabla hujauingiza daftarini.

Nageukia kwako, mwalimu, na hapa naomba tusikasirikiane. Faili la PDF la kurasa 84 ulilolituma kwenye kundi la wazazi saa saba mchana si somo. Simu ni ya mama, mama yuko sokoni mpaka saa kumi na mbili jioni, na akirudi ana asilimia tisa za chaji. Tuliyaona haya Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Aliyedhani kufundisha mtandaoni ni kuhamishia ratiba ya shule kwenye Zoom alibaki na watoto wachache wa baba wenye Wi-Fi, na wengine wote wakatoweka kimya. Kabla ya kuchagua programu yoyote, chukua karatasi uandike kwa kila mtoto: simu ya nani, iko nyumbani saa ngapi, na nani atakaa naye. Karatasi hiyo itakuchagulia chombo. Kwa wengine itakuwa ujumbe mfupi wa maneno. Kwa wengine itakuwa redio au televisheni, na hapo hakuna aibu yoyote: Ubongo Kids wanafundisha hisabati kwa Kiswahili kwenye televisheni tangu 2014, kwa sababu walianza na chombo ambacho tayari kilikuwa sebuleni.

Ukirekodi video, sema jambo moja kisha unyamaze. Philip Guo na wenzake walipochambua, mwaka 2014, mamilioni ya vipindi vya kutazama video za edX, waligundua kwamba mtazamaji wa kawaida havuki dakika sita hata video ikiwa ndefu kiasi gani. Salamu kwa mkuu wa shule, historia ya mada na nukuu ya hekima vikila dakika nne, umebakiwa na mbili. Anza na swali lenyewe. Andika kwa mkono karatasini huku simu imesimamishwa juu ya vitabu; mtoto afuate kalamu yako. Mwishoni toa swali moja linalojibika kwa ujumbe wa sauti wa sekunde thelathini, na uzisikilize sauti zote. Utasikia nani ameelewa na nani anasoma jibu aliloandikiwa na kaka.

Na kishikwambi kile, mwalimu. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vya makarani viligawiwa walimu nchini. Kitoe kabatini. Kama hujui pa kuanzia, wape wanafunzi wawili watundu wa darasa lako nusu saa wakufundishe, na ukae mbele yao kama mwanafunzi. Mwalimu anayeonekana akijifunza anawafundisha zaidi ya somo la siku hiyo.

La mwisho ni ruhusa ya kuacha. Kama ulitaka fomula moja ya Excel kwa ajili ya hesabu za duka, na umeipata wiki ya pili, umeshahitimu. Kama kozi ni mbovu, mwalimu anasoma slaidi na mazoezi hayana majibu, toka. Lakini toka kama mtu aliyekuwa na kikao. Iambie kamati tarehe unayoondoka na sababu, futa kozi kwenye akaunti, na daftari lako lenye miraba mitupu mpe anayeendelea.