Kabla ya Kuandika "Park", Tafuta Lango

Umekabidhiwa kibao cha bati na kopo dogo la rangi. Upande mmoja uandike Kiswahili, wa pili Kiingereza. Mahali penyewe ni hapa, kati ya stendi ya daladala na duka la dawa: miarobaini mitatu, mabenchi mawili ya saruji, nyasi, na muuza kahawa na birika lake. Kiswahili hakikusumbui: "Bustani ya Mtaa". Kiingereza ndicho kinachokutoa jasho. Tulia, ufuate hatua hizi.

Hatua ya kwanza: weka chini futi kamba. Ukubwa hauamui neno. Portland, Oregon, katikati ya barabara, pana duara lenye kipenyo cha sentimita 61. Lilikuwa shimo la nguzo ya taa. Nguzo haikuja, magugu yakaota, ndipo mwandishi wa gazeti Dick Fagan akapanda maua na kuanza kuliandikia habari mwaka 1948. Tangu 1976 jiji linalitambua rasmi: Mill Ends Park. Paka akijinyoosha humo, mkia unabaki barabarani. Basi miarobaini yako mitatu ni msitu.

Hatua ya pili: tafuta lango, uulize ufunguo anao nani. Hapa usiwe na haraka, maana mengi ya maneno haya yamebeba habari za umiliki wa ardhi. "Park" lilianza kwa uzio: ardhi iliyofungiwa wanyama ili wakubwa wawinde. Henry VIII aliichukua Hyde Park ya London kutoka kwa watawa wa Westminster mwaka 1536, akaifanya uwanja wake wa kuwindia. Umma ulifunguliwa mlango mwaka 1637, enzi za Charles I. Hata kupaki gari kumetoka kwenye neno hilohilo.

"Square" ni bustani iliyozungukwa na nyumba pande zote. London zipo ambazo hadi leo zina kufuli, na funguo wanazo wakazi wa nyumba hizo tu. "Common" ni kinyume chake: hapo jirani alikuwa na haki ya kulisha mifugo, hata kama ardhi si yake. Boston Common ya Marekani ilianza 1634, na ng'ombe walichungwa humo hadi 1830. "Garden" humtaja mtunzaji, lakini ukiliacha peke yake Mwingereza atafikiria ua wa nyumba yake. Na kama akina mama wamelima matuta ya mchicha, andika "community garden" bila kusita.

Hatua ya tatu: uliza palikuwa na nini. Penye kiwanja kilichobanwa na majengo panaitwa "pocket park", bustani ya mfukoni. Mfano mzuri ni Paley Park ya New York, iliyofunguliwa 1967: mita za mraba 390 hivi, viti vya kuhamisha utakavyo, na ukuta wa maji wa mita 6 unaomeza kelele za magari. Ikiwa palikuwa na gari, ni "parklet". San Francisco, mwaka 2005, wasanifu walitumbukiza sarafu kwenye mita ya maegesho, wakatandika nyasi, wakaweka benchi na mti mmoja, watu wakakaa. Saa mbili zilizolipiwa zilipoisha, wakafungasha. Wazo halikufungashwa.

Hatua ya nne: soma kibao kilichotangulia. Kikisema "Usikanyage nyasi", na mahali penyewe ni katikati ya kipilefti, usipandishe cheo. Hilo ni pambo la barabara. Bustani ni pale mtu anapokaa.

Hatua ya tano: kaa, unywe kahawa, uwasikilize wenyeji. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi bustani mwaka 1906, na jina lake likabaki: Jeevanjee Gardens. Mwaka 1991 ulipokuja mpango wa kujenga maegesho ya magari hapo, mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama kuupinga, na mwanamazingira Wangari Maathai akawa upande huo. Bustani ikapona. Baadaye wananchi walifanya mabenchi yake kuwa ukumbi wa mijadala, wakajiita Bunge la Mwananchi. Kiwanja ambacho nusura kiwe cha kupaki magari kikawa cha kupanga hoja. Waliokiokoa walishikilia jambo moja: kilitolewa kwa umma.

Sasa rudi kwenye bati lako. Lango hakuna. Ufunguo hana mtu. Wanaokaa hapa ni abiria wanaosubiri gari, wagonjwa waliotoka kununua dawa, na wazee wa bao. Kiwanja kizuri hivi, karibu na stendi, kitapata mtu wa kukitamani, naye atakuja na ramani mkononi. Siku hiyo kibao chako kitaulizwa, na hakitaulizwa urembo wa Kiingereza chake.

Kwa hiyo andika "Public" kwanza, kwa herufi kubwa. Rangi ikibaki, ongeza "Garden". Ikiisha kabla, usijali: neno lililohitajika limeshaandikwa.