Kuchemsha Mississippi Tone kwa Tone

Minneapolis, Minnesota

Wapendwa wa nyumbani,

Najua huko mmeshakata shauri kwamba msomi anayeonekana Marekani ameshika spana, mambo yamemwendea kombo. Namtetea. Huku mhasibu, nesi na mchungaji hujitengenezea bomba la bafuni wenyewe, wala si kwa mapenzi ya ufundi. Ni kwa sababu ya bei ya mkono wa mtu. Kwetu fundi bomba anapatikana kwa maelewano, kipuri ndicho kinachouma. Huku ni kinyume. Katriji, kile kidude chenye mipira kinachokaa ndani ya koki ya mkono mmoja, ni dola 20 hadi 40 hivi. Fundi mwenye leseni anatoza kwa saa, na mara nyingi kuna malipo ya kufika tu, kabla hajafungua hata kisanduku chake.

Wajomba watasema: tone moja tu, si mkinge ndoo? Tone moja kila sekunde, kwa hesabu za idara ya mazingira ya serikali ya Marekani, ni zaidi ya lita 11,000 kwa mwaka. Hizo ni ndoo 550 na ushee za lita 20, mjomba, utazimwaga wapi? Lakini nakiri kuwa maji yenyewe si ghali sana, ingawa unayalipia yakiingia na unayalipia tena yakitoka kama majitaka. Balaa ni tone la maji ya moto. Mji huu unakunywa mto Mississippi, na msimu wa theluji maji hayo yanaingia nyumbani yakikaribia kuganda. Tangi la hita linayapandisha hadi nyuzi 49 hivi, usiku na mchana, awepo anayeoga au asiwepo. Koki ikivuja upande wa moto, na hita ikiwa ya umeme, fizikia ya sekondari inakupa karibu uniti 500 kwa mwaka. Mnaonunua umeme wa LUKU mnanielewa. Tena kwetu mgao wa maji ukipita, koki inapona yenyewe kwa siku mbili. Huku hakuna neema hiyo.

Sasa hasara hiyo yote ya mwaka, fundi anaweza kuimeza kwa ziara moja. Ndiyo maana mtu mwenye akili zake ama anaiacha idondoke, ama anapiga magoti ndani ya beseni la kuogea.

Vijana nao watadai kwamba intaneti imejaa video, kazi yenyewe dakika 10. Video haioneshi chokaa. Unafunga vali kuu ya nyumba, unaziba tundu la beseni kwa kitambaa ili skrubu isizame, unatoa kifuniko, unatoa mkono wa koki, unachomoa klipu ndogo ya chuma kwa koleo. Halafu katriji inagoma, imeng'ang'aniwa na chokaa hiyo kama imeota mizizi. Ikitoka, unaibeba mkononi hadi dukani, kwani kila kampuni ina umbo lake, na nyumbani choo hakivutwi zaidi ya mara moja mpaka urudi. Kisha baadhi ya katriji zinakubali kuingia pande zote mbili: ukiigeuza nusu duara, moto unakuwa baridi na baridi moto. Mkija kututembelea na mkaonywa mlangoni kwamba bafuni kushoto ni kulia, ogeni tu. Kumwita fundi aje kuigeuza kuna malipo ya kufika.