Tondozi ya Volti Ndogo

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, na magari yenyewe yanajisifu kwa maandishi ya kwenye bampa. Ile taa ya njano yenye picha ya injini haijapata wa kuisifu. Ikiwaka, wenye magari wacha Mungu humwita Mungu, na wengine husema maneno ambayo gazeti halichapi. Leo nataka kuiondolea dhuluma hiyo, na katika ukoo mzima wa makosa yanayoiwasha nimechagua moja linalodharauliwa kuliko yote: P0131. Kwa lugha ya gereji maana yake ni kwamba sensa ya oksijeni ya mbele, ile inayokaa kabla ya katalisti, inatoa volti ndogo.

Tuanze na nasaba, kama ilivyo ada ya sifa. Mzee wa ukoo, yaani sensa yenyewe, alitoka Ujerumani kwa Bosch, akaingia barabarani mwaka 1976 ndani ya Volvo zilizopelekwa California, ambako serikali ilikuwa imechoshwa na moshi. Kodi, yaani hiyo namba ya kosa, ilizaliwa baadaye, mfumo wa gari kujikagua uitwao OBD-II ulipofanywa lazima kwa magari mapya ya abiria yanayouzwa Marekani kuanzia toleo la 1996. Kwetu sensa isingeishi sana miaka ile. Ilikuwa ikiuawa kwa risasi, ile iliyochanganywa kwenye petroli, mpaka nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoachana nayo mwanzoni mwa 2006. Kwa hiyo P0131 ni tunda la hewa safi, na anayeilaani ajue anachokilaani.

Kwa umbo sensa hii inafanana na plagi, ila ncha yake ni ya kauri ya zirkonia, nayo imechomekwa kwenye bomba la moshi. Upande mmoja inagusa moshi, upande wa pili inanusa hewa ya nje. Ikishapata moto wa nyuzi 300 hivi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili huzalisha umeme bila kuomba betri. Umeme wenyewe haufiki hata volti moja. Betri ya tochi inauzidi. Moshi ukiwa na oksijeni nyingi, yaani petroli imepunjwa, volti hushuka karibu na 0.1. Petroli ikizidi, hupanda karibu na 0.9. Injini ikiwa na afya, namba hizo hazitulii, juu chini, juu chini, huku kontroli boksi ikiongeza na kupunguza mafuta ili kila gramu moja ya petroli ipate gramu 14.7 za hewa. Bwana mkubwa gani mwingine anayetawala kwa nusu volti, tena bila king'ora?

Fadhila ya kwanza ya volti ndogo ni ukarimu. Inalisha watu. Fundi mwenye haraka akichomeka mashine chini ya usukani na kuona pameandikwa oksijeni sensa, hukumu imeshatoka. Mwenye gari anatumwa Ilala kutafuta spea. Muuzaji anampa ya mtumba, "orijino kabisa bosi, imetoka Japani". Dalali aliyemwonyesha duka anapata chake. Kijana wa gereji anaifungua ya zamani kwa spana namba 22 na kuitupa kwenye kopo la rangi, ilikolala mizoga ya wenzake. Kodi inafutwa, taa inazimika, watu wanapeana mikono. Baada ya siku chache taa inarudi, na uchumi mzima unazunguka upya. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini wahenga hawakuwa na kamisheni ya spea.

Fadhila ya pili ni ukweli, na hapa sifa zangu si mzaha mtupu. Sensa haikusema imekufa. Imesema inaona oksijeni nyingi, na mara nyingi inaiona kweli, ila imekataa kutaja majina. Huenda mpira wa hewa umepasuka kwenye mikunjo yake, hewa inajipenyeza bila kupita kwenye kipimo. Huenda pampu ya mafuta imechoka au nozeli zimeziba. Huenda gasketi ya manifoldi ya ekzosi imeungua. Huenda waya wa ishara umelalia bomba la moto, ukayeyuka na kugusa bodi. Na kweli, huenda sensa yenyewe imefika mwisho wake. Washukiwa wote hao, na anayekamatwa ni aliyepeleka taarifa!

Fundi mvumilivu hakimbilii Ilala. Nilimtazama mmoja, mzee mwenye maneno machache, akiacha injini ipate moto vizuri. Akachomeka sindano moja ya mita nyuma ya soketi, kwenye waya wa ishara, nyingine akaiweka kwenye hasi ya betri. Mita ikasoma 0.08 na kuganda hapo. Akapuliza kidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa. Namba zikaruka: 0.31, 0.74, 0.88.

"Huyu mzima," akasema. "Anajua kusema. Tatizo ni habari anazopewa."

Namba zingegoma kupanda, angechomoa soketi na kuanza kuufuata waya. Hazikugoma. Akazima injini, akaagiza chai, akainywa mpaka bomba lilipopoa, kisha akarudi na kopo la maji ya sabuni. Kijana wake akawasha gari na kuziba mdomo wa ekzosi kwa tambara. Mzee akamwagia maji ya sabuni kwenye viungo. Mapovu yakafura pale manifoldi inapokutana na bomba, kabla tu ya sensa. Gasketi.

Ufa wa namna hiyo ndio fundi wa hila kuliko wenzake wote. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba huvuta pumzi, likanyonya hewa ya nje kupitia kwenye ufa. Sensa inaiona oksijeni hiyo na kuiripoti kwa uaminifu. Kontroli boksi inaamini injini ina njaa, inaongeza petroli. Ufa unaendelea kunyonya, boksi linaendelea kumwaga, plagi zinageuka nyeusi, na injini iliyoshiba mpaka kooni inaendelea kulishwa kwa huruma. Wenye vituo vya mafuta ndio wangepaswa kunilipa kwa tondozi hii.

Niseme moja kwa wenye magari mapya mapya: kwa mengi kati ya hayo, sensa ya mbele si hii. Ni ile ya uwiano wa hewa na mafuta, inayopimwa kwa hesabu nyingine, na kwake volti hupanda petroli inapopungua. Ukiihukumu kwa namba nilizotaja hapa utamnyonga asiye na hatia.

Lipo pia kundi lisilotaka kabisa kusikia habari hizi. Hao hubandika selotepu nyeusi nyuma ya dashibodi, au huichomoa balbu. Ukitaka kuwajua, fungua swichi bila kuwasha injini. Taa hiyo lazima ijitokeze kwanza. Isipojitokeza, kuna mtu ameshaitembelea dashibodi. Madalali wa magari wana mbinu nyororo zaidi, kwa sababu wanaijua staha ya P0131. Ukiifuta asubuhi haikurupuki. Inangoja injini ipate moto, inachunguza safari ya kwanza bila kusema, na kwenye magari mengi haiwashi taa mpaka ithibitishe kosa lile lile katika safari ya pili. Muda huo unatosha kabisa kwa biashara. Mnunuzi anazunguka mtaa mara moja, dashibodi safi, anahesabu noti, anakabidhiwa kadi. Taa inamuwakia akiwa Kibaha, na simu ya dalali haipatikani.