Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Ofisi ya Kompyuta, Chuoni

Mheshimiwa Mkuu,

Pokea salamu za mtaani kwetu Kasungami, pamoja na hongera. Tangazo lako nililisoma ubaoni, mihuri miwili juu yake: mitambo ya kompyuta na hifadhi ya chuo itazimwa Ijumaa jioni kwa "matengenezo yaliyopangwa", itawashwa Jumapili. Hilo "yaliyopangwa" lilinigusa moyo. Huku kwetu umeme hukatika bila hodi, na mama aliyekuwa anasonga bukari hukimbilia makaa. Tangu mwaka 1982 kuna waya wa umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita zipatazo 1,700, uliovutwa kwa ajili ya migodi ya shaba. Vijiji vingi chini yake vinawasha mishumaa. Kwa hiyo mtu anayetupigia hodi kabla ya kutuletea giza, kwetu ni mtu wa adabu.

Jumapili ikapita. Na ya pili. Ya tatu likabandikwa tangazo jipya: matengenezo yamekamilika kwa mafanikio makubwa. Kweli, mitambo iliwaka, safi kama sahani iliyolambwa. Alama za kozi yangu za mwaka mzima hazikuwemo.

Usidhani nakulaumu, Mheshimiwa. Hata wakubwa huteleza. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto, kule Japani, kilipoteza terabaiti zipatazo 77, karibu faili milioni 34. Programu ndogo ya kunakili, iliyotakiwa kufuta kumbukumbu zilizopitwa na wakati, ilibadilishwa huku bado inafanya kazi, ikaanza kula kazi za watafiti. Lakini Wajapani hawana siri: walitangaza faili ngapi zimepotea na vikundi 14 vya watafiti vilivyoguswa, wakaomba radhi. Sisi tumewashinda. Hatukupoteza chochote, maana hakuna aliyehesabu.

Sasa nikuambie alama zangu zilikopatikana. Karibu na kwangu kuna kijana mwenye kibanda, anayechapia wanafunzi kazi zao za kumaliza masomo. Meza moja, kigoda kimoja, printa iliyofunikwa kitenge kwa ajili ya vumbi, betri ya gari chini ya meza. Fulashi yako haiingii kwenye mashine yake kabla hajaitafutia virusi, hata kama wewe ni profesa. Kila jioni ananakili kazi za siku kwenye diski anayoifunga kwa plastiki na kuitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Kila mwisho wa mwezi diski nyingine inapanda basi kwenda kwa shangazi yake Kipushi. Kisha anaandika kwa bic, kwenye daftari la shule: tarehe, jina, imelala wapi. Nakala tatu, moja nje ya mji. Wataalamu wa dunia nzima wanafundisha hivyohivyo, yeye alifundishwa na mwizi aliyemwibia mashine ya kwanza.

Nilikuwa nimechapisha orodha ya alama hizo kwake mara moja, mwezi wa tano. Alifungua daftari, akapitisha kidole, akaniuliza: "Papa, unataka ile ya kabla ya kusahihisha au ya nyuma?" Nilitamani kulia. (Kosa langu nalikiri: sikubaki na nakala yangu. Niliamini mhuri.)

Basi ninaomba mambo mawili tu. Safari ijayo, tangazo liseme kilichoingia gizani na kilichotoka, kwa hesabu. Na wataalamu wako waje wiki moja kibandani kujifunza. Watakuja na vigoda vyao, kile kimoja ni cha wateja.

Wako mtiifu,
Mwalimu msaidizi, Kasungami

Nakala: kwa kijana wa kibanda. Ameshaiandika daftarini, ya kwako ikipotea, mtume mtu akaichukue, ukurasa ni franka mia mbili.